Ajali Haina Kinga, Bali Mkono Unayo

Jinsi ya kuchagua glavu za rubani, na mafunzo yake kwa kila afanyaye kazi kwa mikono

Msafiri afikaye Nanyuki alfajiri, kabla ukungu haujaondoka katika miguu ya Mlima Kenya, atasikia sauti mbili: jogoo wa mashambani na ngurumo ya injini katika kiwanja cha ndege. Akisimama kando ya ua atamwona rubani akiizunguka ndege yake polepole, akigusa bawa, akitazama kipimo cha mafuta, akikagua mkia. Kisha, kabla ya kupanda, rubani hutoa mfukoni jozi ya glavu, akazivaa kidole kwa kidole, akakunja ngumi na kuifungua, ndipo apandapo.

Watazamaji wengi hudhani kwamba afanya hivyo kwa ajili ya baridi, au kwa kujipamba tu. Habari ya baridi si uongo, maana Nanyuki iko karibu mita 1,950 juu ya usawa wa bahari, na asubuhi zake zajulikana. Lakini sababu kubwa si baridi, wala si urembo. Sababu kubwa ni moto.

Wazee walituachia methali isemayo ajali haina kinga. Maneno hayo ni kweli, maana hakuna ajuaye saa wala mahali. Lakini wako watu waliozoea kuitumia methali hiyo kama kisingizio cha kutojilinda, kana kwamba wazee walitukataza kujihadhari. Sivyo walivyokusudia. Ajali yenyewe haina kinga, bali mkono unayo, na kinga ya mkono huchaguliwa na kuvaliwa kabla ya ajali, si baada yake. Leo twapenda kuwaeleza wasomaji jinsi kinga hiyo ichaguliwavyo.

Huenda msomaji aliye mkulima akauliza, “Mimi na glavu za rubani tuna habari gani?” Na karani aliye ofisini akauliza vivyo hivyo. Tunawaomba wasubiri kidogo. Mwisho wa habari hii wataona kwamba ngozi ya glavu hutoka katika zizi la mkulima, na kwamba hati ya kununulia glavu hiyo hutoka katika meza ya karani. Rubani yuko katikati tu, amewategemea wote wawili.

KIJANA ALIYERUKA MIKONO MITUPU

Katika vita vikuu vya pili vya dunia alikuwako rubani kijana aitwaye Richard Hillary, mzaliwa wa Australia, aliyerusha ndege ya kivita aina ya Spitfire katika jeshi la anga la Uingereza. Tarehe 3 Septemba 1940 ndege yake ilipigwa na adui, ikashika moto angani. Kijana huyo hakuwa amevaa glavu. Aliruka kwa mwavuli akaanguka baharini, na mashua ya waokoaji ikamtoa majini akiwa hai. Lakini uso wake na mikono yake ilikuwa imeungua vibaya sana.

Alipelekwa katika hospitali ya mji wa East Grinstead, mahali ambapo daktari mmoja kutoka New Zealand, Archibald McIndoe, alikuwa akiwatengeneza upya marubani walioungua. Daktari huyo alichukua ngozi katika sehemu nzima za mwili na kuipandikiza palipoungua, mara baada ya mara, miezi baada ya miezi. Mwaka 1941 wagonjwa wake waliunda chama chao, nao kwa mzaha wakakiita kwa jina la yule mnyama mdogo atumiwaye kwa majaribio ya dawa. Vita vilipokwisha, wanachama walikuwa 649. Wengi wao walikuwa na alama mahali pale pale pawili: usoni na mikononi.

Kwa nini usoni na mikononi? Jibu ni jepesi. Mwili wa rubani ulifunikwa na nguo nzito, miguu ikafunikwa na viatu. Lakini uso na mikono mara nyingi viliachwa wazi. Tena mtu afikiwapo na moto huinua mikono kuukinga uso, na mikono hiyo hiyo ndiyo itakiwayo kufungua mkanda, kusukuma kifuniko na kuvuta kamba ya mwavuli. Basi mkono ndio uingiao motoni kwanza, na ndio utokao mwisho.

Hillary alipona kadiri ya kuweza kuandika kitabu juu ya mambo hayo, kikatolewa mwaka 1942. Vidole vyake vilikuwa vimejikunja, na watu waliokula naye mezani waliona jinsi alivyoshika kisu na uma kwa taabu. Hata hivyo aliomba kurudi angani, akakubaliwa, akafa katika ajali ya ndege usiku wa mwezi Januari 1943. Alikuwa na umri wa miaka 23.

Marubani wa siku zile hawakuwa wapumbavu. Glavu walikuwa nazo. Lakini wengine walizivua kwa sababu zilikuwa nene, na mkono uliovikwa ngozi nene hauhisi usukani vema wala hauoni kwa upesi kitufe kidogo. Waliopaa juu sana katika ndege kubwa za mabomu za Marekani walipatwa na jambo kama hilo kwa njia ya baridi: mpiga bunduki alivua glavu yake dakika chache ili kuitengeneza bunduki iliyokwama, na baridi kali ikaviharibu vidole vyake palepale.

Hapa ndipo penye kiini cha habari yetu. Glavu bora si ile iliyo nene kuliko zote, wala iliyo ghali kuliko zote, wala iliyo nzuri machoni. Glavu bora ni ile ambayo mvaaji hana haja ya kuivua. Kinga iliyoachwa mfukoni si kinga. Mambo mengine yote tutakayosema yanatokana na neno hilo moja.

MOTO HAUNGOJI

Jambo la kwanza la kuuliza dukani ni hili: kitu hiki kimefanywa kwa nini? Msomaji asidanganywe na sura.

Petroli au mafuta ya ndege yakiwaka, joto la ndimi za moto laweza kukaribia digrii 1,000. Ngozi ya mwanadamu huungua kwa sekunde chache tu ikiguswa na kitu chenye joto la digrii 60. Hakuna glavu iwezayo kumfanya mtu akae motoni kwa raha. Kazi ya glavu ni kumpa rubani sekunde chache: sekunde za kufungua mkanda, sekunde za kufungua mlango, sekunde za kuruka nje. Mtu aliyepona ajali atakuambia kwamba sekunde hizo ni nyingi.

Adui mkubwa hapa ni nailoni na nguo nyingine za namna hiyo zitengenezwazo viwandani, kama poliesta. Kitu hicho ni laini, chepesi, tena rahisi, na glavu zake hujaa madukani na masokoni. Lakini hakichomeki kama pamba ichomekavyo; huyeyuka. Kwa joto la kati ya digrii 220 na 265 hugeuka kuwa uji wa moto unaonata juu ya ngozi, nao ukiisha kunata hautoki bila kuondoka na ngozi yenyewe. Mkono mtupu wapata jeraha moja. Mkono wenye nailoni iliyoyeyuka wapata mawili.

Kuna nyuzi nyingine za kiwandani ambazo zilibuniwa kwa ajili ya moto. Zajulikana kwa jina la aramidi, na zile mashuhuri kuliko zote ni Nomex, zilizobuniwa na kampuni ya DuPont ya Marekani na kuanza kuuzwa katika miaka ya 1960. Nyuzi hizi haziyeyuki wala hazidondoki. Zikifika digrii 370 hivi hugeuka kuwa makaa meusi, huku zikizidi kuwa nene kidogo na kuuzuia moto usipite upesi. Moto ukiondolewa, nazo huacha kuwaka.

Kwa hiyo glavu iliyozoeleka sana kwa marubani wa jeshi na wa helikopta ni ya namna mbili zilizoungana: mgongo wa mkono umefumwa kwa aramidi, na kiganja kimeshonwa kwa ngozi laini ya mbuzi au ya kondoo. Aramidi hupitisha hewa na kuzuia moto. Ngozi hushika usukani bila kuteleza, wala haichakai upesi. Ngozi nayo haiyeyuki. Ikipata moto hujikunja na kuwa ngumu, lakini hainati mwilini.

Mnunuzi na atazame pia vile vitu vidogo ambavyo havionekani upesi. Uzi wa kushonea umefanywa kwa nini? Glavu ya aramidi iliyoshonwa kwa uzi wa nailoni ni kama nyumba ya mawe iliyofungwa kwa kamba za makuti. Kitambaa cha ndani ni nini? Wengine huvaa glavu njema kwa nje, na kwa ndani wakavaa nyingine ya nailoni ili kupata joto. Hao wameingiza adui nyumbani kisha wakafunga mlango.

BARIDI YA MLIMANI

Nanyuki ina shida yake ambayo viwanja vya pwani havina. Hapo ikweta hupita, na saa sita ya mchana jua huipiga ndege iliyosimama mpaka vyuma vya mikanda haviguswi. Lakini upande wa mashariki umesimama Mlima Kenya, wenye urefu wa mita 5,199, na barafu yake.

Kwa kadiri ya kawaida, joto hupungua digrii 6 na nusu kwa kila mita 1,000 mtu apandazo. Basi asubuhi yenye digrii 14 kiwanjani Nanyuki, hewa iliyo sawa na kilele itakuwa karibu digrii 7 chini ya kuganda. Helikopta yaweza kumtoa mtu katika hali ya kwanza na kumpeleka karibu na hali ya pili katika safari fupi. Tena iko desturi ya kuondoa milango ya helikopta ili wapiga picha waone vizuri, na hapo upepo wa mlima huingia moja kwa moja hadi mikononi mwa rubani.

Hewa ya mlima huo si ya kufanyiwa mchezo. Mwezi Septemba mwaka 1970 rubani mmoja Mmarekani, Jim Hastings, alikufa helikopta yake ilipoanguka mlimani alipokuwa katika kazi ya kumwokoa mpandaji kutoka Austria, Gert Judmaier, aliyevunjika mguu karibu na kilele. Mpandaji huyo aliokolewa baadaye. Hatumtaji marehemu ili kusema kwamba glavu zingalimwokoa, la, hasha. Twamtaja ili msomaji ajue kazi ifanyikayo huko juu ni kazi gani, na kwamba aendaye kuifanya astahili vyombo vilivyochaguliwa kwa akili.

Sasa, rubani ahisipo baridi, wazo la kwanza ni kununua glavu nene kama zile za watu wachezao katika theluji. Hilo ni kosa. Vidole vyenye unene wa ndizi haviwezi kutofautisha swichi moja na jirani yake, na punde rubani atazivua. Njia iliyo bora ni kuvaa tabaka mbili nyembamba: ndani glavu ya hariri au ya sufu laini, nje glavu ya aramidi na ngozi. Hariri na sufu haziyeyuki. Na rubani wa mlimani achague glavu ya nje iliyo kubwa kidogo, ili ya ndani ipate nafasi. Glavu inayobana huzuia damu kwenda vidoleni, na mkono uliokoseshwa damu huganda hata ukivikwa manyoya.

DAWA YA NZIGE SI MOTO

Wasomaji wa Laikipia, Samburu, Isiolo na Meru hawajasahau mwaka 2020 na mwanzo wa mwaka 2021, nzige wa jangwani walipolifunika jua na kushuka mashambani. Eropleni na helikopta zilitumwa kuwatafuta na kuwanyunyizia dawa. Katika kazi kama hiyo mikono hukutana na hatari nyingine kabisa, nayo ni sumu.

Hapa wengi hukosea. Huona glavu ya ngozi ni imara, wakadhani yafaa kwa kila jambo, wakaitumia kuchanganya dawa. Ngozi hunywa dawa kama mchanga unywavyo maji, wala haioshwi ikatakata. Aivaaye siku ya pili, ya tatu, hata ya kumi, ajipaka sumu ile ile kidogo kidogo, bila kujua. Kwa dawa za kuua wadudu yatakiwa glavu ndefu ya mpira wa nitraili, ifikayo juu ya kifundo cha mkono. Kabla ya kuivua, mvaaji aioshe kwa sabuni na maji ikiwa bado mkononi. Kisha aivue, anawe mikono, ndipo ashike kitu kingine.

Lakini glavu hiyo ya nitraili, ambayo ni njema kwa sumu, haifai kabisa kwa moto. Kwa hiyo rubani aliyesaidia kupakia dawa avue zile za mpira, anawe vizuri, ndipo avae zake za kurukia. Asipande na glavu za dawa, maana atapaka sumu usukani, na kesho mwenzake ataushika kwa mkono mtupu. Kila glavu na kazi yake. Anayetaka moja ifanye kazi zote ni kama mtu atakaye jembe limfae pia kwa kunyolea ndevu.

Maneno haya na mkulima ayasikie vilevile. Anyunyiziaye viazi au nyanya zake kwa bomba la mgongoni yuko katika hatari ile ile, na ushauri ni ule ule. Tena asome maandishi yaliyo katika chupa, maana huko ndiko kuelezwako glavu gani zatakiwa.

KUPIMA MKONO

Tumesema kwamba glavu bora ni ile isiyovuliwa. Basi glavu isiyoenea haiwezi kuwa bora, hata ikiwa imefumwa kwa aramidi ya thamani namna gani. Iliyo kubwa hukunjamana kiganjani na kunasa katika vishikio. Iliyo ndogo hubana na kuchosha. Zote mbili huishia mfukoni.

Kupima ni kazi rahisi. Chukua futi ya fundi cherehani, uizungushe kiganjani mahali penye upana mkubwa, chini ya vifundo vya vidole, bila kuhesabu kidole gumba. Pima mkono unaotumia zaidi. Inchi utakazopata ndizo namba ya glavu: inchi 8 ni namba 8, inchi 9 ni namba 9. Pima na urefu wa kidole cha kati, maana wako watu wenye viganja vyembamba na vidole virefu.

Ukiisha kuzivaa, usitosheke na kuzitazama. Zijaribu kwa kazi:

Kwanza, okota sarafu mezani. Ukishindwa, ncha za vidole ni ndefu mno au ni nene mno.

Pili, andika jina lako kwa kalamu. Rubani huandika mambo mengi angani: saa, mafuta, maneno ya mnara.

Tatu, funga macho, kisha fungua na kufunga mkanda wa kiti mara tatu. Siku ya moshi hutaona kitu. Mkono utakuwa ndio jicho lako.

Nne, kunja ngumi, ukakae hivyo kwa dakika moja. Mshono ukikuuma sasa, utakutesa baada ya saa mbili.

Tano, nyosha mkono mbele kana kwamba wafikia swichi ya mbali. Je, ngozi ya kifundo cha mkono imeonekana kati ya glavu na nguo? Ikionekana, moto nao utaiona. Glavu iwe na shingo ndefu ya kutosha kuungana na mkono wa nguo, pasiwe na mwanya.

Siku hizi kuna jaribio la sita. Marubani wengi wana tableti yenye ramani, nayo haitii kidole kilichovikwa glavu ya kawaida. Wengine wamekata ncha za glavu zao ili kuigusa. Huko ni kutoboa mtumbwi ili upate maji ya kunywa. Ziko glavu ambazo ncha za vidole zimetengenezwa kwa namna ambayo tableti huzitambua. Na achague hizo. Mwisho wa yote, avue pete kabla ya kuvaa glavu, maana pete hushika joto na hunasa, na kidole kikivimba haitoki.

NENO KWA KARANI WA STOO

Sasa twageuka kwa ndugu zetu makarani. Mara nyingi rubani hajinunulii glavu. Hununuliwa na ofisi. Na mwenye kujaza hati ya kuagiza ni karani wa stoo, ambaye pengine hajapata kupanda ndege maishani mwake.

Tuseme karani mmoja ameambiwa aagize jozi 12. Amwona mwuzaji wa kwanza, naye ana glavu nzuri nyeusi kwa bei ya chini, zote za namba moja. Amwona wa pili, bei yake ni kubwa, tena adai apewe namba ya kila mkono. Karani atafurahi kuokoa fedha ya ofisi, na mkubwa wake atamsifu. Lakini zile za kwanza ni nailoni, na wavaaji saba katika hao kumi na wawili haziwaenei. Baada ya mwezi mmoja zote ziko katika mifuko ya milango ya ndege, na fedha imepotea bila kumlinda mtu hata mmoja. Rahisi imekuwa ghali.

Karani mwema atafanya hivi. Atakuwa na daftari lenye jina la kila rubani, namba ya mkono wake, na tarehe aliyopewa glavu. Atamdai mwuzaji aandike kwa maneno glavu imefanywa kwa nini: mgongo, kiganja, kitambaa cha ndani na uzi. Asiyetaka kuandika ana sababu yake. Atampa kila rubani jozi mbili, moja ya kuvaa na moja ya kufuliwa, maana mwenye jozi moja huiacha nyumbani siku iliyolowa. Na atakubali kurudishiwa glavu iliyochakaa bila ugomvi.

Glavu imechakaa lini? Ikitoboka, imechakaa. Kiganja kikiwa kigumu kama gome, imechakaa. Na ikiloa mafuta ya injini au petroli yasiyotoka kwa kufuliwa, imechakaa hata kama yaonekana nzima, maana kitambaa kisichowaka kikilowa mafuta huwa utambi wa taa. Kuzifua, mtu azivae mikononi, aoshe kwa sabuni laini na maji ya vuguvugu, azisuuze, kisha azianike kivulini. Asizianike juani wala karibu na jiko, asitumie dawa ya kung’arishia nguo, na wala asisafishe mafuta kwa petroli.

NGOZI YA KONDOO WETU

Tulimwahidi mkulima kwamba tutafika zizini kwake, na sasa tumefika. Ngozi isifiwayo sana na washonaji wa glavu haitoki kwa kondoo wa sufu nyingi. Ngozi ya kondoo wa sufu ina mafuta mengi ndani, tena tabaka zake huachana upesi. Iliyo bora hutoka kwa kondoo wa nywele fupi waishio katika nchi za joto, maana ngozi yao ni nyembamba, laini, na yenye nguvu. Ngozi hiyo ilijulikana zamani kwa jina la Cape, yaani Rasi ya Afrika Kusini ilikotoka. Na viwanda vya glavu vya Uingereza vimenunua ngozi ya namna hiyo kutoka Uhabeshi kwa miaka mingi.

Msomaji wa Laikipia atakuwa ameisha tambua. Kondoo mwekundu wa Wamasai na kondoo wa Kisomali mwenye kichwa cheusi ni wa jamii hiyo ya nywele fupi. Ngozi ambayo huku kwetu mara nyingi hutupwa nyuma ya bucha ni jamaa ya ile inayowekwa mkononi mwa rubani.

Lakini ngozi ya glavu haivumilii uzembe. Kisu kikiteleza wakati wa kuchuna, tundu lile halifichiki. Alama za kupe, mikwaruzo ya miiba na ya waya wa seng’enge, na alama ya chuma cha moto katikati ya ubavu, zote huonekana ngozi ikiisha kulainishwa. Mwenye mifugo awaogeshe kwa wakati. Akitaka kutia alama aitie mahali pasipo na thamani ya ngozi. Na akiisha kuchinja, ngozi itiwe chumvi au iwambwe kivulini upesi. Uangalifu wa zizini ndio mwanzo wa uangalifu wa angani.

Wahenga walisema kidole kimoja hakivunji chawa. Basi hakuna mtu mmoja anayeulinda mkono wa rubani peke yake. Mchungaji aliyemwogesha kondoo, mchinjaji aliyeshika kisu kwa adabu, mshonaji, karani aliyeandika namba kwa usahihi, na rubani mwenyewe aliyekubali kuzivaa: kila mmoja ni kidole cha mkono ule. Kimoja kikikosa, kinga imepata mwanya, na moto hutafuta mwanya.

Msomaji atakapopita tena Nanyuki alfajiri, akamwona rubani akivaa glavu kidole kwa kidole kabla ya kupanda, asidhani kwamba anajipamba. Na akimwona mwingine akizitia mfukoni, amkumbushe kwa upole, kama ndugu, kwamba mikono haiuzwi dukani. Glavu ndizo zinazouzwa.